Nusu Yako ya Masomo

Masika wangu,

Najua ungenigombeza. Karatasi hii ni mgongo wa kalenda, nene, safi, aina ile tuliyokuwa tukiitafuta mji mzima, nami naitobolea barua badala ya muhtasari wa biolojia. Leo ni Alhamisi. Jumatatu ndiyo Exetat, mtihani wetu wa serikali. Tangu asubuhi nimejaribu kusoma na hakuna kinachoingia. Vidole vinatoka jasho mpaka nukta za breli zinalowana. Nimeona heri nikuandikie wewe kwanza, nitoe yaliyonijaa rohoni, halafu nirudi kwenye damu na mapafu. Usiniulize nitaituma kwa njia gani.

Uliondoka juma lile vita vilipoingia mjini, tumbo likikuuma, na kila hospitali imejaa watu wa risasi. Kuna wanaoniambia nishukuru Mungu kwamba hukupigwa na bomu. Nishukuru nini? Tumbo ambalo siku nyingine wangelipasua na kulishona, ukarudi nyumbani unalalamika kwamba uji hauna sukari! Bado nina hasira, Masika. Sina wa kumtolea, basi namtolea kila mtu, na wenzetu darasani wamejifunza kunipisha.

Shule ilifungwa, kisha ikafunguliwa. Kwenye benchi letu nakaa peke yangu. Walitaka kunikalisha na msichana mwingine, nikasema kibao changu cha kuandikia kinahitaji nafasi. Uwanja wa ndege bado umefungwa, kwa hiyo zile karatasi nene zilizokuwa zinatujia kwa ndege hazijaonekana tena. Nazunguka mitaa ya Birere naomba kalenda za zamani kwenye maduka. Muuzaji mmoja alinicheka: "Weye hauone, kalenda ya zamani utaifanyia nini?" Nikamjibu: "Natafuta tarehe ya ndoa yetu." Duka zima liliangua kicheko na kalenda akanipa. Ungekuwepo ungenibana mbavu njia nzima.

Lakini sikukaa hapa kukuchekesha. Nina hofu, dada, na nataka ujue hofu yenyewe ni ya nini.

Mkuu wa shule aliniita ofisini. Kulikuwa na inspekta. Ruhusa yetu imekubaliwa, ile tuliyoililia mwaka mzima mimi na wewe: nitafanya mtihani na wenzangu, chumba cha pembeni, nikiwa na mtu wa kunisomea maswali na kunipakia wino vijumba vya majibu. Nilitaka kuruka. Halafu yule inspekta akamwambia mkuu, juu ya kichwa changu, utadhani mimi ni kiziwi pia: "Tutaangalia huyu kwanza. Akipita, mwaka ijayo tutakamata na wengine. Akianguka, basi, tusisumbuane tena."

Umesikia? Wanaoona wanaanguka kila mwaka, na hakuna inspekta anayesema basi wanaoona wasije tena. Mimi nikianguka, wameanguka wote. Wale watoto wasioona wa senta, wale uliokuwa ukiwafundisha kushika msumari wa kutobolea bila kujichoma, mlango wao unafungwa kabla hawajaufikia. Na wenyewe wameshasikia. Nikipita pale wananing'ang'ania sketi, mimi dada yao mkubwa: "Yaya Riziki, utatupitisha?" Hawaulizi kama nitapita mimi. Tungekuwa wawili tungegawana mzigo huu. Mmoja angeanguka, mwingine angepita, na inspekta angebaki mdomo wazi. Sasa niko peke yangu.

Kuna na huyo wa kunipakia majibu. Ni mwanafunzi wa darasa la chini, wa shule nyingine, na sitamjua mpaka asubuhi ile. Nikisema kijumba cha tatu, nitajuaje kwamba amepaka cha tatu? Atakuwa na haraka? Atakuwa na huruma, anione nimekosea anisahihishe kwa akili yake mwenyewe na kunizamisha? Nalala na maswali hayo, naamka nayo. Juzi nilimwota anapaka karatasi nzima nyeusi, pembe mpaka pembe, huku ananiambia nisiwe na wasiwasi.

Lakini kilichonikaa shingoni zaidi ni nusu yako.

Wewe ndiye uliyetoa ile akili. Karatasi hazikutosha kwa nakala mbili, na wenzetu walichoka kutusomea kitu kilekile mara mbili ili kila mmoja atoboe chake. Ukasema tugawane. Mimi nikachukua biolojia, Kifaransa na didaktiki. Wewe historia, jiografia na saikolojia. Kila Jumamosi nilikuja kwenu Keshero, tukakaa nyuma ya nyumba, tukalipana: sura moja yangu, sura moja yako. Ulikuwa mdai mbaya. Nikisinzia unanifinya, nikikosea unanirudisha mwanzo, na karanga humpi mtu mpaka aseme sura yote. Nilikuona umegundua dawa ya umaskini wetu. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba mmoja anaweza kuondoka na nusu ya mwingine.

Ulinibakizia madeni. Ile Jumamosi ya mwisho uliniambia, "Juma ijayo nakupa Berlin." Berlin hukunipa. Wazungu wale walioigawana Afrika bado wamekaa mezani wananisubiri.

Baada ya matanga nilimwomba mama yako kurasa zako. Sikuomba mara moja. Alikuwa amekimbia na wadogo zako, akarudi, nyumba ikawa na watu wa kupokea, na kila nikigusia kurasa aliinuka kwenda jikoni. Nilielewa. Ndicho kitu chako pekee kilichobaki na alama ya mikono yako, na mimi nataka kukibeba kwa sababu ya mtihani. Nilijiona mbinafsi, nikaacha kuuliza.

Jumanne alikuja mwenyewe. Nilimtambua kwa harufu ya sambaza, vile visamaki vya ziwani anavyouza, kabla hajabisha, maana ametoka sokoni moja kwa moja. Akaniwekea mfuko mapajani, mzito. Akasema: "Riziki, mutoto wangu, kazi ya mwenzako ndio hii. Niliiweka chini ya matela, nikailalia. Hata bombe zilianguka, sikuiacha. Tulikimbia na hiyo matela, tukarudia nayo."

Nikamshukuru. Nikatoa ukurasa wa kwanza, nikauwekea mkono.

Masika, ulikuwa laini.

Nikachukua wa pili. Laini. Wa kumi, wa katikati, wa mwisho. Pembeni, mahali ambapo uzito haukufika, vidole vyangu vilipata vipande: "sababu za", halafu hakuna kitu. "Kaskazini mwa", halafu hakuna kitu. Miezi yote hii mama yako amelala juu ya maneno yako ili yasiibiwe, na mwili wake umeyarudisha ndani ya karatasi. Nilifikiria Jumatatu, nikafikiria inspekta, nikafikiria wale watoto, na juu ya yote nikafikiria kwamba huyu mama amekaa mbele yangu akiwa na fahari. Ningemwambia nini? Kwamba yeye ndiye aliyekufuta? Afadhali nianguke mtihani.

Nikawa napitisha mkono juu ya ukurasa kama mtu anayesoma, polepole, toka kushoto kwenda kulia.

Akasema: "Soma kidogo, nisikie vile alikuwa anaandika."

Mkono uliendelea kutembea juu ya karatasi tupu, na mimi nasikia pumzi yake akisubiri. Ndipo mgongo wangu ukaniokoa. Sisemi kwa mzaha. Unakumbuka ulivyokuwa unanifundisha ramani? Atlasi ya shule ni karatasi tu kwetu, haina mlima wala ziwa. Ukasema, "Geuka, nitakuandikia Congo." Ulianzia mto chini kulia, karibu na kiuno, ukaupandisha polepole, ukaukunja kati ya mabega, halafu ukaushusha kushoto mpaka baharini, na kila mji ulitoboa kwa ncha ya kidole mpaka nikasema nimeushika. Goma ilikuwa chini ya bega la kulia, mahali panaponitekenya. Kila ukifika Goma nilicheka, na kila nikicheka nilipata kofi: "Egzamen haicheke!"

Nikamwambia mama yako, "Mama, geuka kidogo."

Hakuuliza. Aligeuka. Nikaweka kidole kwenye mgongo wake, juu ya kitenge kilicholoa jasho la soko, nikaanza. Nilianza na sauti yangu, lakini tulipofika Kisangani ilikuwa yako. Nilisema ulivyokuwa unasema, na mahali pa kuvuta pumzi nilivuta palepale. Madini ya Katanga, mpira wa Equateur. Nilipofika Goma, mama yako akaruka kidogo. Kumbe mmerithiana! Akacheka, nami nikacheka. Nikapanda Butembo na Beni, nikasema ulivyokuwa unasema siku zote, kwamba hapo kuna kahawa, na kahawa yenyewe ni ya kwetu, na atakayebisha aende akainywe ya kwao.

Mgongo wake ulianza kutetemeka chini ya kidole changu. Sikujua nisimame au niendelee. Nikaendelea mpaka mpakani na Uganda, kwa sababu wewe hukuniruhusu kamwe kuishia njiani.

Alipoweza kusema, alisema, "Basi haikuharibika yote."

Alijua, Masika. Alikuwa anajua. Siku moja alitamani kukugusa, akatoa kurasa, akapitisha vidole kama alivyokuona ukifanya, na hakupata kitu. Alilia peke yake, akazirudisha chini ya godoro, akaogopa kuniambia kwa sababu ya mtihani. Jumanne roho ilimsukuma aje tu, liwalo na liwe, akitumaini vidole vyangu vitapata kile ambacho vyake vilikosa. Alikuwa amekaa pale akinisikiliza nikisoma karatasi tupu, na mimi niko pale nikimficha alichonificha. Nilimshika mkono. Vidole vyangu vinanuka sambaza mpaka leo, na sijaviosha vizuri.

Sasa usidhani mambo yamenyooka. Ramani ninayo, na sura zote ulizonilipa nimezipata, moja baada ya nyingine, tangu Jumanne najisemea kwa sauti yako mpaka shangazi anauliza nani yuko na mimi chumbani. Lakini zile ambazo hukunilipa sina. Saikolojia ya mwisho sina. Berlin sina. Mwenzetu mmoja ananisomea wakati wa mapumziko, haraka haraka, kengele ikilia tuko katikati ya sentensi. Bado kuna mashimo mengi, na maswali yana tabia ya kutafuta mashimo. Tena naogopa kwamba nikiwa mbele ya yule mgeni wa kunipakia, kwenye chumba kimya, sauti yako itanitoroka. Naogopa kusahau palepale. Naogopa yule inspekta atakuwa anapitapita mlangoni na viatu vyake. Nikikuambia siogopi nitakuwa nakudanganya, na wewe nilikuwa sikudanganyi.

Hata hivyo nitaingia. Jumapili mama yako atakuja kulala kwetu, na Jumatatu asubuhi atanishika mkono mpaka kwenye lango. Amesema soko litamsubiri. Nikipita, wale watoto watakuwa na mwaka wao. Nikianguka, nitarudi ofisini kwa yule inspekta na kukaa kwenye kiti chake mpaka akubali kunipa mwaka mwingine, na wao nitawaleta wakae nami sakafuni. Hilo nakuahidi, na unanijua kwa ukaidi.

Nakuahidi na jingine. Mtihani ukiisha, kila karatasi nene nitakayoipata Birere ni yako. Nitaitoboa upya nusu yako yote, kuanzia na jiografia, kwa maneno yako, na matusi yako ya kahawa ndani yake. Nitampelekea mama yako azisimamishe kabatini, asizilalie mtu tena, na akitamani kukugusa apate kitu chini ya vidole.

Kwa heri, Masika wangu. Karatasi inaisha na biolojia inaniita. Pumzika kabisa, Jumatatu usijisumbue kwa ajili yangu hata kidogo. Wasiwasi niachie mimi. Ninao wa kututosha wote wawili.

Mwenzako wa benchi,
Riziki