Jitu la kwenye bekari

Shosti, nichimbie kaburi. Siku ya tatu tu ya ukocha na nishaharibu.

Unajua timu yetu ya Wirrabeel tumefungwa mechi kumi na tisa mfululizo, na tukifungwa tena Jumamosi klabu inavunjwa. Sasa leo bekari naona jitu, refu mpaka limeinama mlangoni! Nikasema huyu huyu, wa kuturukia mpira pale kati mwamuzi akiurusha juu!

Nikalinunulia pai mbili. Nikaliahidi nusu kondoo kila mechi likituchezea. Halafu mdomo ukanitoka: "Kaka, timu si mbovu, wabovu waamuzi. Yule wa wiki iliyopita kipofu kabisa, hata mbuzi wangu angechezesha vizuri."

MBUZI, shosti. Na mechi yenyewe sikuiona, narudia tu maneno ya Dazza wa baa!

Jitu likamaliza pai, likajifuta sosi ya nyanya taratibu. "Kocha Narelle, kuchezea kwenu siwezi. Wiki iliyopita nilichezesha mimi. Na Jumamosi ni mimi tena."

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Na kondoo?"

"Kondoo kaa naye. Jumamosi njoo na mbuzi, nimpe filimbi."