Kofia ya Lenzi Iliyokaa Upande

Sadi,

Duka lako la picha pale Gisozi sasa linauza vifuniko vya simu. Watu wanapigana picha kwa simu, na jua likiwaingilia hadi nyuso zikawa nyeupe, wanasema ni mapambo. Ungekuwa hai, ungeugua tena.

Zaina, mkeo, ameniomba nichague picha yako ya kukuza, aitundike sebuleni. Umepiga picha nusu ya Kigali, ndugu yangu, lakini zako wewe nimepata mbili tu, zote za ile gusaba, sherehe ya posa, kule Kagugu. Familia mbili zimekaa chini ya mahema zikitazamana, jua la jioni liko nyuma ya upande wa bwana harusi, na shangazi wa bibi harusi akakunyang'anya kamera. "Leta hiyo! Kila siku wewe iko napiga watu, wewe nani atakupiga?" Akaishika kwa kofia ya lenzi, ile ya kukinga jua, ikazunguka ikakaa upande.

Mimi mshona nguo wa mlango wa pili, niliyejifunza kwa kuchungulia tu, nilijua kitakachotokea. Kofia ile ina masikio marefu juu na chini, mafupi ubavuni, kwa kuwa picha ni pana kuliko kimo chake. Ikikaa upande, masikio marefu yanaingia kwenye kona. Ile ya duara, ndefu kama kikombe, ulisema tuwaachie wenye lenzi za kuvuta mbali. Kwenye lenzi pana ingekula kona zote nne.

Basi picha ya kwanza ina kona mbili nyeusi. Ukaichomoa kofia mwenyewe, shangazi akapiga tena. Jua likamwagika ndani ya lenzi, koti lako jeusi likawa kama majivu, na uso... hakuna uso.

Nimechagua ya kwanza. Kona ningeweza kuzikata, ila katika moja ndimo ulimo mkono wako, umeinuliwa, nusu gizani. Zaina anasema unatuaga. Analia, kisha anatabasamu. Mimi nilikuwa kando yako, Sadi. Ulikuwa unamwambia shangazi, "Zungusha kofia, mama!"

Miaka yote ile nikinywa chai yako, sikuwahi kusema: simama hapo, nikupige. Niliona ni kama kumnyoa kinyozi. Jambo hilo linanichoma.

Pumzika, Sadi. Kona ile sitaikata, na Zaina sitamwambia ulichokuwa ukisema. Kila nikiingia sebuleni kwenu nitainua mkono wangu pia, niuzungushe kidogo.

Jirani yako,
Hamisi