Chambo kwa Ajili ya Zainabu

Jumatatu, 6 Desemba 1954

Ukungu mzito asubuhi, baridi kidogo. Mvua bado. Masasi imekwisha kunyesha, huku juu tunangoja.

Nimepima watoto wa wodi saa mbili. Kitanda cha tatu, Zainabu, miaka miwili na nusu: ratili ishirini. Uzito huo ni wa uongo, sehemu kubwa ni maji. Nikibonyeza kidole juu ya unyayo wake, shimo linabaki. Nywele zimegeuka nyekundu, zinatoka bila kuvutwa. Halii kama watoto wanavyolia. Anaguna tu, mchana na usiku, na hapati usingizi wa maana.

Maziwa ya unga yamekwisha juzi. Lori la shehena limekwama huko njiani, daraja limechukuliwa na maji. Hakuna anayejua siku. Mayai mawili kwa wiki tukibahatika. Karanga zote zimeingia shambani kuwa mbegu. Muhogo upo. Muhogo unashibisha tumbo lakini haujengi mwili. Niliandika sentensi hiyo kwenye mtihani wa shule nikapewa alama zote. Leo hainisaidii kitu.

Dresa Festo, mwenzangu wa zahanati, ni mtu wa Ziwa Nyasa na hakubali tusahau. Amesimama mbele ya kitanda, mikono kiunoni. "Samaki, Nesi. Mtoto huyu anataka samaki, si vidonge." Ng'onda, samaki mkavu wa Lindi, tumemjaribu, mtoto anautapika ule ukali wa chumvi. Samaki mbichi juu ya uwanda huu hayupo. Maji yenyewe tunayapandisha kichwani kutoka bondeni.

Mama Zainabu alikuwa anasikia. Baadaye akanifuata nje. Kwao ni bondeni, karibu na Ruvuma, kando ya ziwa. Mama yake mzazi anavua kambare huko. Miezi mitano hajampelekea habari kwamba mtoto anaumwa. Ana mimba nyingine, na watu wanasema amembemenda Zainabu, kwamba mimba ya mapema ndiyo imemharibu mtoto. Anaogopa macho ya mama yake.

Nimekasirika sana. Kisha nimeona haya kwa kukasirika. Nimeomba ruhusa ya siku mbili, nishuke huko kuvua.

Jumanne, 7 Desemba

Mawingu. Joto la kubana.

Dukani Newala mchana. Mwenye duka ametandaza ndoana juu ya gazeti, namba kwa namba. Nimechagua namba kumi na mbili kwa kuwa ndiyo namba kubwa kuliko zote. Festo alicheka mpaka akashika meza.

"Nesi, kwa hiyo utavua mbu."

Kumbe namba ikipanda ndoana inashuka. Sikujua. Sipendi kutojua. Nimechukua tatu za namba moja, zenye shingo ndefu. Mshipi mnene wa uzi uliosokotwa, pima kumi. Chubwi mbili za risasi, za kuzamisha mshipi.

Jioni Festo amenifundisha barazani. Kamba akaifunga kwenye mguu wa kiti, nikalifunga na kulifungua fundo mara ishirini. Nimechoka. Ameniambia kambare haoni vizuri lakini ananusa kuliko mbwa. Kwao hutegewa kipande cha sabuni, na anakuja mbio. Pia amekata kifuniko cha kopo la maziwa kwa umbo la jani, akakitoboa na kufunga ndoana nyuma yake, king'ae majini kama samaki mdogo. Kopo lile lile la maziwa yaliyokwisha.

Nina aina mbili za chambo, basi: bati na sabuni. Sabuni nimekata vipande kumi na viwili, sawasawa. Ile nyekundu ya wodini.

Zainabu: vijiko vitatu vya uji. Ametapika viwili.

Jumatano, 8 Desemba

Kumekucha kweupe, upepo wa kusini.

Nimeondoka saa kumi alfajiri na wanawake wa maji. Ukingoni jua likachomoza. Nimekaa uwanda huu miaka minne na sijawahi kusimama pale saa ile. Nchi inakatika ghafla miguuni pako. Chini kabisa msitu, halafu Ruvuma, mstari mmoja wa shaba, halafu nchi ya Wareno, buluu, haina mwisho. Wanawake hawakusimama. Wao wanaiona kila siku na madebe kichwani. Mimi nilisimama hadi wakaniita.

Bondeni saa tano. Ziwa si kubwa. Maji ya rangi ya chai yenye maziwa, majani marefu pande zote. Biti Hamisi, bibi yake Zainabu, nimemkuta akisuka mgono, mtego wa samaki, kwa fito. Mwembamba, mrefu, sauti ndogo. Nikampigia shikamoo. Akaitika marahaba, akanipa kigoda, akangoja nimalize maji ya kunywa kabla ya kuuliza.

Nimemweleza yote, hata la mimba. Mikono ilisimama juu ya mgono kwa muda mrefu. Kisha: "Leo kambare hawali. Wanasikiliza mvua." Akaingia ndani akafunga mlango.

Sikuamini. Nimevua peke yangu kutoka saa saba hadi saa kumi na moja. Bati, mara arobaini: hakuna. Katika maji mazito vile nani ataona king'aacho? Sabuni, vipande vyote kumi na viwili: hakuna. Hata mguso. Nimebadili kina, nimebadili mahali, nimeandika kila kitu kwenye karatasi. Karatasi safi, imejaa sifuri.

Naogopa. Kesho lazima nipande.

Alhamisi, 9 Desemba

Mvua kubwa usiku kucha, imekatika alfajiri. Anga kama limeoshwa.

Naandika haraka ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nimeota.

Kulipopambazuka Biti Hamisi amenigusa bega pale barazani kwake nilipolala. Tumetoka. Ziwa lilikuwa limepanda na kuingia majanini, maji ya kufika kifundo cha mguu. Na majani yalikuwa yanatembea. Kambare. Si kumi, si ishirini. Weusi, wanene, wengine urefu wa mkono wangu mzima, wanasukumana ubavu kwa ubavu, migongo nje ya maji. Mmoja alikuwa njiani, juu ya udongo mtupu, anavuka. Anajiinua kwa mapezi mawili ya mbele kama mzee kwenye viwiko, anajivuta, anapumzika, anajivuta. Alipita hatua mbili mbele ya viatu vyangu na hakunijali. Nimesoma elimu ya viumbe. Samaki ana matamvua, samaki anaishi majini. Nilisimama mdomo wazi.

Halafu nikakumbuka nilichojia. Nikachukua panga.

"Weka chini," akasema.

Nikamwambia ni mmoja tu.

"Hao wako arusini, mjukuu wangu. Mtu hauawi kwenye arusi yake. Matumbo yote hayo ni mayai. Nyumba saba zinakula ziwa hili. Ukila mbegu, utapanda nini?"

"Bibi, Zainabu anakufa."

"Najua. Ulinieleza jana. Weka panga."

Nimemchukia. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Mtoto ni damu yake, si yangu, samaki wako miguuni kama kuni, naye anasimamia arusi ya kambare. Nikaweka panga. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa analia, na sauti yake haikubadilika hata kidogo.

Akasema wako ambao hawakupanda majanini, wamebaki kilindini, na hao leo wanakula. Kumbikumbi walikuwa wametoka ardhini kwa maelfu, wanaanguka majini. Amewakusanya kwenye kawa. Tukakaa juu ya gogo, yeye na mshipi wake, mimi na wangu. Kumbikumbi wale wale, kina kile kile. Wake ukavutwa kabla sijahesabu hamsini. Wangu kimya. Wake ukavutwa tena. Mshipi wake ni wa zamani, umelika. Mara ya kwanza ukakatika, mara ya pili kindoana chake kingine kikanyooka kama sindano. Samaki wawili wamekwenda. Wangu mpya, wenye nguvu, unaning'inia tu. Nilitaka kulia.

Akanishika mkono, akaunusa. Akarudisha kichwa nyuma.

"Wee! Unanuka kidonda cha mtu mwingine. Jana uliwavua kwa chambo gani?"

Nikamwonyesha kipande kimoja cha sabuni nilichokuwa nimekirudisha mfukoni. Alicheka hadi gogo likatikisika. Alicheka na machozi bado yako mashavuni.

"Kambare mwili mzima ni ulimi. Wewe unampa dawa ya kuoshea jipu, kisha unashangaa hajaja kula!"

Ni kweli kabisa. Nanawa sabuni ile mara thelathini kwa siku, miaka sita sasa. Imeingia kwenye ngozi. Ndiyo fahari yangu, mikono hii. Amenisugua kwa tope la ziwani na majani, hadi viwiko, kama anayemwosha mtoto. Hata hivyo hakuniruhusu kugusa chambo. Akawatunga yeye, kumbikumbi watano kwenye ndoana yangu namba moja, mshipi wangu, chubwi yangu. Mikono yake, vyombo vyangu.

Saa tatu kasoro robo ukavutwa.

Sikujua kwamba samaki ana uzito wa namna ile. Hakurukaruka. Aliondoka tu, polepole, kama mtu mkubwa anayetoka chumbani kwa hasira. Mshipi ulinikata kiganja. Biti Hamisi alinishika kiuno akasema usimvute, msindikize. Nikamsindikiza. Kwa muda mrefu sana. Alipofika ukingoni kichwa chake kilikuwa kipana kama sahani, sharubu nane, kila moja ikipapasa hewa kivyake. Tulikaa kitako matopeni wote wawili. Dume, akaniambia. Hana mayai. Kweli hakuwa nayo.

Tumemfunga ndani ya gunia lililojaa majani mabichi, tukaliloweka. "Hafi," akasema. "Anapumua kama wewe." Akajifunga kanga ya pili, akachukua fimbo. Hakuniuliza kama anaweza kuja.

Tumepanda kwa muda wa saa saba na nusu. Kwenye kila chemchemi tulimwagia gunia maji. Mgongoni mwangu kambare aliguna njia nzima. Zahanati tumefika magharibi. Festo kafungua gunia, akaruka nyuma. Saa nane zimepita tangu atoke majini, na anafunga na kufungua kinywa.

Mama Zainabu alipiga magoti palepale mlangoni. "Shikamoo, mama." Hakuinua macho.

"Marahaba. Sufuria iko wapi?"

Ijumaa, 10 Desemba

Jua kali.

Mchuzi mwepesi, nyama imepondwa, hakuna pilipili, chumvi kidogo sana. Kwa kijiko Zainabu amekataa. Kwa kijiko tena amekataa. Biti Hamisi akachovya kidole chake akakitia mdomoni mwa mtoto. Akanyonya. Vidole kumi na vinne, nimehesabu. Kila baada ya saa mbili, nimesema, si zaidi. Nyama iliyobaki inakaushwa juu ya moshi.

Biti Hamisi hajamwuliza binti yake neno lolote kuhusu miezi mitano. Amelala naye mkeka mmoja.

Jumamosi, 11 Desemba

Mawingu. Hatimaye mvua hapa juu, mchana.

Anahara. Saa kumi na moja alfajiri mwili ulikuwa wa baridi kama chungu. Nilidhani ndiyo mwisho. Nimemfunga kifuani kwa bibi yake, ngozi kwa ngozi, blanketi mbili. Nimepunguza mchuzi, si kuacha. Sina uhakika. Hakuna wa kumwuliza. Festo amekaa nami, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutaja Ziwa Nyasa.

Jumapili, 12 Desemba

Mvua. Sikwenda kanisani.

Joto la mwili limerudi. Mchuzi mara sita. Umekaa.

Jumanne, 14 Desemba

Asubuhi nyeupe, matone kwenye mabati.

Mizani: ratili kumi na saba. Festo ameshtuka. "Nesi, tatu zimekwenda! Mtoto anayeyuka!" Nimempima mara ya pili, kisha nikabonyeza unyayo. Shimo limerudi juu lenyewe. Maji yanatoka. Usiku amelowesha nepi tisa. Nimekuwa nikitazama mizani hii miaka minne nikiomba ipande, na leo imeshuka na nimefurahi. Chini ya yale maji yupo mtoto mdogo mwembamba mwenye vifundo vya miguu. Mama yake alikuwa amevisahau. Amevishika kwa vidole viwili, akamwita mama yake aje aone.

Biti Hamisi ameshuka bondeni saa nne kuleta kambare mwingine. Amekwenda na ndoana zangu zote tatu na mshipi. Mimi amenikataza kumfuata.

Jumamosi, 18 Desemba

Manyunyu asubuhi, jua baadaye. Hakuna upepo.

Lori limefika saa tisa. Makopo ishirini na manne, yote mazima.

Zainabu ratili kumi na saba na nusu. Nusu hii ni nyama. Amekula samaki mara nne. Mchana alimnyang'anya Festo kipande cha muhogo, Festo akalalamika kwa sauti kubwa kwamba ameibiwa, akacheka. Zainabu, si Festo. Sijawahi kusikia kicheko chake. Kifupi, kikavu kidogo.

Jioni hakuguna. Niliacha kalamu nikaenda kumtazama, nikidhani kuna jambo. Hakuna. Saa moja na dakika ishirini usiku, amelala usingizi.