Mkwe Wangu Ndiye Anayesimamisha Basi

Senge Ayuma, shangazi yetu mpendwa,

Pokea salamu kutoka Shieywe, na tafadhali usinicheke, maana jambo lenyewe ni la aibu na nimelibeba peke yangu mpaka nimechoka, hata rafiki yangu Maximilla ambaye tunakaa naye benchi moja kanisani hajui. Mimi ni mjane, mwalimu mstaafu wa chekechea, na chama chetu cha akina mama kinaendanga matembezi kila Agosti, tunakodi basi na mwongozaji wa kutueleza tunachokiona, sasa mwaka jana kampuni tuliyoipata ikawa ndiyo ile anayofanyia kazi mume wa binti yangu, tumwite Ignatius, na binti tumwite Milcah, na mwongozaji tuliyepewa akawa ni yeye.

Senge, wewe ni mtu wa huku, unajua mila yetu ya mama na mkwe wake. Mimi na Ignatius hatupeani mkono, hatuketi meza moja, akija nyumbani mimi najipata jikoni. Halafu leo nimkute amesimama mbele ya basi na kipaza sauti, yeye ndiye wa kusema tusimame wapi na tuondoke lini, na mtu akibanwa ni lazima amwendee amwambie! Mimi nimwendee mkwe wangu nimwambie nataka haja ndogo, akina mama wote wakisikia? Afadhali nife. Na nimezaa watoto sita, kibofu changu siku hizi hakingojangi mtu.

Basi nikaamua dawa ni kutokunywa, tangu jioni ya kuamkia safari sikutia hata chai mdomoni. Tulipopanda tukakuta ametupangia viti, mimi kanipeleka nyuma kabisa, pale ambapo kila tuta linakurusha, nikasema moyoni, haya, mkwe ameniweka na mizigo. Akapita akigawa maji, kila mama chupa yake, nami nikapokea nikiangalia dirishani, nikaiweka mapajani, na tuliporudi nikaiacha pale kitini vile vile, haijafunguliwa. Huko Nakuru wenzangu wanashangilia wale ndege heroe ziwani, mimi kichwa kinagonga na miguu imevimba hadi viatu vinakataa. Wiki hiyo hiyo nililazwa, daktari akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo na mwili umekaukiwa na maji. Watu wote niliwaambia ni malaria.

Mwaka huu ni Mombasa, na ni Ignatius tena. Senge, nimechora bahari ubaoni kwa chaki ya buluu miaka yote niliyofundisha, watoto wananiuliza, mwalimu, inanukaje? Nawatungia tu, sijawahi kuiona. Lakini kama Nakuru ilinilaza, Mombasa si itanizika? Nikasema siendi, ng'ombe wangu anakaribia kuzaa, na kila mtu anajua mimi nafuga kuku. Ignatius akamwambia Milcah, "Mama yako hanitaki. Hata maji yangu hakunywa. Aliiacha chupa kitini vile nilivyompa, kana kwamba nimetia kitu." Milcah amenipigia simu akilia, anasema mumewe ameapa hatakanyaga kwetu Krismasi, na yeye amechoka kuwa katikati yetu.

Haki ya Mungu sikuwa na maana hiyo. Kijana yule alisimamia mazishi ya mume wangu kama mtoto wa kumzaa. Lakini nitamwelezaje, ikiwa maelezo yenyewe ndiyo yale yasiyosemeka mbele yake? Basi linaondoka mwezi ujao, nisaidie.

Ni mimi,
Mwenye Kiu, Shieywe

*

Mwenye Kiu,

Pole, mama, tena pole ya kweli. Nimesoma barua yako nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikaona haya kukimaliza. Wala sikucheki. Ndani ya chama chenu wamo wengine wanaouma meno humo basini wakimwomba Mungu atokee mtu aseme kwanza, ila kila mmoja anadhani ni yeye pekee.

Hata hivyo nitakugombeza kidogo, vumilia. Mwalimu mzima, uliyefundisha watoto wa watu kuomba ruhusa ya kwenda choo, ukajikausha hadi ukalazwa? Kisha ukasema malaria! Ungesema ukweli siku ile, Maximilla angekuletea uji na siri yako ingekuwa na mahali pa kukaa. Ukanyamaza, na Ignatius akabaki na chupa yake akijijazia maneno mwenyewe. Ulitaka afikirie nini?

Sasa nikuulize. Kwa nini alikuweka nyuma? Wewe unasema na mizigo. Mimi namwona kijana aliyejua kwamba mama mkwe wake yumo, naye atashinda amesimama mbele akipiga kelele na kutaniana na dereva. Akatafuta kiti kilicho mbali naye kuliko vyote ili usione haya. Alikurusha kwenye matuta kwa heshima, mama, na wewe ukafunga mdomo kwa heshima, na leo kila mmoja analia kwamba mwenzake anamdharau. Ningewapiga nyote wawili kofi dogo.

Mila yetu haijasema mama mkwe hana kibofu. Inasema tu asimtajie mkwe kwa kinywa chake, na ndiyo maana yuko mtu wa katikati. Milcah amechoka kwa sababu amekuwa akibeba lawama tupu. Mpe ukweli aubebe, utamwia mwepesi. Mpigie leo, usingoje Jumapili, umweleze yote: hospitali, malaria ya uongo, miguu, kila kitu. Atamwambia mumewe wakiwa kwao. Ignatius atatazama chini, atajikuna kichwa, halafu atashusha pumzi, kwa maana mtu aliyedhani anashukiwa sumu akisikia kumbe ni mkojo tu, huyo amefunguliwa minyororo.

Milcah huyo huyo amwombe mumewe atangaze mapema kwamba basi litasimama kila baada ya saa mbili hivi, na wote watashuka, mwenye haja na asiye na haja, wanyooshe miguu. Hapo hakuna wa kuomba. Aulize pia kama mtalala Nairobi, maana akina mama wa umri wetu si magunia ya mahindi ya kupelekwa moja kwa moja hadi Mombasa. Kiti chako kiwe cha katikati ya basi, upande wa njia, karibu na Maximilla. Naye umwambie, ili mambo yakikubana kati ya vituo aende mbele aseme ni yeye. Rafiki ni wa kazi gani?

Kabla ya hayo yote, rudi kwa daktari ukaongee habari ya kibofu hicho. Yapo mazoezi na yapo matibabu, na mtu asikwambie ni uzee tu ukakubali. Safarini kunywa maji kidogo kidogo siku nzima, chai ya rangi na soda ziache hadi mfike mnakolala. Vaa gauni pana, weka pedi, vaa viatu vya kulegeza, na wenzako wakiimba wewe zungusha vifundo vya miguu. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali mara moja, na tafadhali usiuite malaria.

Ng'ombe wako mjulishe azae bila wewe. Nenda ukainuse bahari.

Ila kuna jambo moja Milcah hawezi kukufanyia. Asubuhi ya safari Ignatius atapita tena akigawa maji. Atafika kwako akitazama pembeni, nawe utatazama dirishani, na hivyo ndivyo inavyopasa. Lakini safari hii chupa isikae mapajani. Ifungue kabla hajakifikia kiti kinachofuata, akisikie kifuniko kikikatika. Halafu unywe.

Senge Ayuma