Stoo ya Wazee

Usoke, 6 Juni 2023

Mwanangu Najiat,

Asalaam aleikum. Hujambo na wanao? Mimi mzima, ila magoti tu. Simu zetu msimamizi mpya amezichukua, ndiyo maana barua hii anakuletea muuza mkaa.

Tangu aje, hapa kwenye makao ya wazee kuna sheria: asiyelima, hali. Jana Mzee Mabruki alishindwa na jembe, mikono yatetemeka. Akafungiwa stoo bila hata uji. Tulipopakuliwa, Bi Consolatha, jirani yangu wa kitanda, akasukuma sahani. "Mpaka Mabruki ale." Sisi wengine tulikula tumeinamisha vichwa.

Shangazi yako,
Siwema

Ipuli, 9 Juni 2023

Shangazi,

Shikamoo. Huku hatujambo, watoto wanakusalimu. Barua yako imenichoma. Nyumba yako ilipoanguka nilisema uje kwangu, ukajibu chumba changu kidogo. Tutabanana hivyohivyo! Jumamosi nakufuata. Ustawi wa jamii nimeshawaeleza.

Mwanao,
Najiat

Usoke, 20 Juni 2023

Mwanangu,

Salamu sana. Najua Jumamosi walikurudisha getini. Usilie, yamekwisha.

Jioni ile Mabruki alifungiwa tena, na Consolatha akahukumiwa naye kwa ubishi. Hakungoja kushikwa mkono. Alichukua fimbo yake, akaingia, akaketi kando ya Mabruki. Najiat, sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikainuka.

"Wewe unakwenda wapi?" msimamizi akauliza.

"Stoo. Hata mimi leo sikulima."

Wakainuka wote. Tulijazana mle mpaka mlango ukakataa kufungika. Consolatha akaanza kuulizana na watu habari za kwao, utadhani tuko arusini! Yule bwana kabaki na kufuli mkononi. Maofisa uliowaeleza walipofika asubuhi, wakatukuta humohumo. Msimamizi ameondolewa, ila simu zetu bado zinatafutwa.

Mwanamke yule, mwanangu! Hakupaza sauti hata mara moja.

Shangazi yako,
Siwema

Ipuli, 24 Juni 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimewasomea watoto, wakapiga makofi. Kitanda nimeshapata. Bi Consolatha naye aje, nataka wanangu wakue wakimwona.

Mwanao,
Najiat

Usoke, 2 Julai 2023

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima. Nilimwambia Consolatha. Alicheka, akafuta machozi, kisha akaniuliza, "Na Mabruki atalishwa na nani?"

Nilikuwa nimeshafunga mzigo. Nimeufungua. Walete watoto huku.

Shangazi yako,
Siwema