Mstari Nilioufuta

Chumba cha nyuma,
Nyumba ya geti la kijani.
Jumamosi, tarehe 14.

Mpendwa kaka,

Kabla ya yote pokea salamu zangu. Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujidai mzima? Sisi tunaendelea, ila mimi sina raha wiki nzima. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ukipiga simu mama huweka spika, na hili sikutaka alisikie kwa njia hiyo.

Ni jicho lake la kulia. Ulijua angefanyiwa upasuaji Jumatatu iliyopita. Hakufanyiwa. Hospitali ilimtumia ukurasa kwenye simu ili athibitishe kuwa atafika, muda ukapita hajathibitisha, nafasi akapewa mwingine.

Siku ya kuthibitisha nilikuwa kazini, alikaa na jirani yetu fundi cherehani. Fundi anasema mama alibonyeza asubuhi nzima mpaka kioo kikajaa alama za vidole. Alikuwa anabonyeza "Siku ya upasuaji", maneno ya buluu yenye mstari chini yake, kama kawaida ya pa kubonyeza. Hicho ni kichwa cha habari tu, kaka, hata ukibonyeza mwaka mzima hakikupeleki popote. Ya kubonyeza yalikuwa chini kabisa, "Thibitisha utafika", meusi, madogo, sawasawa na maelezo yaliyoyazunguka. Hata fundi hakuyatilia maanani, na yule macho yake ni ya kutunga uzi kwenye sindano.

Sasa nikwambie lenyewe. Ukurasa ule wa hospitali niliupanga mimi, kule ofisini kwetu.

Mkuu wangu wa kazi alitaka ukurasa msafi, nami nikajitia ujuzi. Nikafuta mstari chini ya maneno ya kubonyeza, nikayavua buluu, nikakivisha kichwa cha habari ili kipendeze. Nikaujaribu mwenyewe, ukafanya kazi. Ungekosaje kufanya kazi wakati pa kubonyeza napajua? Kikaoni nikapigiwa makofi.

Jumanne nimerudisha buluu na mstari mahali pake, na maneno ya kubonyeza nimeyatia kwenye kisanduku. Mkuu kanuna, na anune tu. Nafasi ya mama ndiyo haikurudi. Nyingine ni baada ya wiki saba, na daktari anasema jicho likichelewa sana huenda lisione tena kama zamani. Jana mama alimimina chai pembeni ya kikombe. Nilifuta meza nikamjazia kikombe. Naogopa, kaka, sikufichi.

Tena anajilaumu. Kila anayekuja kumjulia hali anaambiwa uzee umemwingia vidoleni. Tangu juzi anajizoeza, anakandamiza simu mpaka ukucha unabadilika rangi, ili safari ijayo asikosee. Nami najifanya nasoma gazeti.

Msalimie sana wifi, mwambie kitambaa alichonitumia nimekipata. Mbusu binti yako, Bibi Mdogo, mwambie shangazi anadai barua. Fundi cherehani naye anakusalimu, anauliza kama bado unavaa ile suruali aliyokuharibia.

Niliacha kalamu hapo. Nimerudi sasa. Nilipiga moyo konde nikaenda kumweleza mama yote, toka makofi ya kikaoni mpaka nafasi iliyopotea. Alisikiliza hadi mwisho, uso ameuelekeza dirishani. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kidole changu kizima?"

Nikamjibu, "Kizima, mama. Kosa ni langu."

Akaiweka simu mezani, akakisugua kile kidole kwa kanga yake muda mrefu. Akaingia chumbani. Mpaka sasa hajatoka.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na amwachie mama nuru aliyo nayo. Ukipata barua hii piga simu, uzungumze naye. Mimi sijui kama amenisamehe, na kumuuliza siwezi.

Dada yako akupendaye,
Kitindamimba