Kuku wa Shangazi na Meli ya Kigoma

Mjukuu wangu Editha,

Naandika kutoka Kasulu, mtoto yuko mgongoni, usishangae mwandiko. Tumepishana miaka michache tu, lakini mimi ni mdogo wa mwisho wa bibi yako, kwa hiyo bibi ni bibi. Huku wazima, maharage yamekubali.

Unauliza kama meli yenu ikitia nanga mkodi gari, mtembee wenyewe.

Nikiwa msichana, meli yetu ya ziwani ilisimama Kigoma asubuhi hadi jioni. Nilikuwa namsindikiza rafiki yangu Pendo kwenye harusi yake. Tukakodi gari, akaendesha yeye, nimwonyeshe milima yetu. Saa za barabarani, kwenda na kurudi, tulizihesabu vizuri. Tukapita Heru Juu kumsalimu shangazi yangu, mara moja tu. Kabla hatujakaa, kuku ameshakamatwa.

"Shangazi, meli itatuacha! Pendo anaolewa kesho!"

"Kwani haina wa kuiambia ingoje? Mgeni haondoki kwangu na njaa."

Kumkatalia chakula ni kumkana, basi tukakaa. Saa zikaenda, Pendo akaanza kulia. Shangazi akamtazama, akaepua sufuria, akaingia nayo garini.

"Endesha, mwanangu. Mtakula hukohuko."

Tulirudisha gari, tukatafuna kuku mgumu gatini, tukapanda wa mwisho.

Kodini, mjukuu wangu. Ila mkipita kwa mtu, hesabuni na jiko lake.

Shangazi alikuwa hajawahi kuona meli. Tulimwacha gatini na sufuria tupu, akiipungia meli, wala si sisi.

Bibi yako,
Neema